Arobaini ya Kibao

Kibao cha kwanza kilikufa Jumanne,
ghalani Kitangali, saa nane mchana,
umeme uliporudi kwa pupa
kama mgeni anayesukuma mlango ulio wazi.
Karani Nangonyo alisema: kilipiga chafya tu.
Chafya moja, kisha harufu,
si ya korosho, si ya mabibo yanayochacha nyuma ya ukuta.

Nilifika Alhamisi kutoka Newala,
mita yangu shingoni, mvukuto wa jua mgongoni.
Nikafungua boksi.
Kidhibiti cha volti kimepasuka tumbo.
Kapasita imevimba kama shavu la mwenye jino.
Na pale penye fyuzi, wallahi,
karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
imekunjwa vizuri, kwa mkono wa mtu nadhifu.

"Nani?"
Nangonyo akayatazama magunia.
"Fyuzi ilikuwa inakatika kila siku, fundi. Inasumbua."

Inasumbua.
Mlinzi anayepiga kelele usiku naye anasumbua.
Mzibe mdomo, ulale,
asubuhi uhesabu magunia.

Nikakaa juu ya mzani mbovu, nikamweleza:
hiki kidude, ukubwa wa kiberiti,
kinalinda jasho la wakulima mia nne.
Unyevu ukizidi kinawasha feni, feni zikigoma kinalia.
Ubongo wake ni kipande cheusi chenye miguu ishirini na minane.
Hakijui habari za transfoma,
hakijui radi za uwanda wa Makonde.
Ukikiletea volti kumi na mbili mlangoni,
yupo anayezipunguza, sawa,
lakini kinachopunguzwa hakipotei,
kinageuka joto, na joto linataka pa kwenda.

"Niandikie," akasema. "Mimi nasahau."
Nikaandika ndani ya kifuniko, wino mzito,
kwa kinywa cha kibao chenyewe:

    Volti tano ndiyo haki,
    sita mimi siitaki,
    ya saba mimi sibaki,
    mtanikuta majivu.

    Kila mguu wa pini
    hubebeshwa ishirini,
    za mwizi arobaini,
    usinitie uchovu.

"Arobaini nini?"
"Miliampea. Ishirini ni riziki yake.
Arobaini ndiyo siku anayokamatwa."
Akacheka, halafu akaacha kucheka,
akaisoma tena, midomo ikicheza.

Cha pili nikakizungushia ua.
Dayodi mlangoni: atakayegeuza chanya na hasi
akute njia imefungwa, arudi na waya wake.
Kidonge cha buluu, bapa, cha kumeza mshindo wa radi.
Waya wa ardhi, kijani na njano,
hadi kwenye fimbo ya shaba niliyoizika mwenyewe
huku vijana wa kupakia wakiuliza nimemzika nani.
Mwisho fyuzi ya kioo, nusu ampea,
shilingi mia tatu dukani kwa Mkwanda.
Nikamwachia nyingine kumi kwenye kichupa cha vidonge.
"Hizi ni za kufa," nikasema. "Usizionee huruma."

Ijumaa moja, alfajiri, simu.
"Fundi, kimezimika tena. Radi imepiga usiku kucha."
"Zima swichi kubwa. Fungua. Kioo kikoje?"
Nasikia mvua juu ya bati lake.
"Cheusi."
"Weka mpya."
Kimya. Kitu kidogo kinaanguka sakafuni,
anatukana kwa Kimakonde, anatafuta kwa tochi.
Kisha mlio mmoja, mwembamba.
"Kijani," anasema. "Kimewaka kijani."
Sauti yake ni ya mtu aliyeitwa leba
akaambiwa wote wazima.

Nilihesabu kwenye kalenda ya duka la pembejeo:
tangu Jumanne ile, siku thelathini na nane.

"Na hii iliyoungua, niitupe?"
Nikafikiri kidogo, chai inapoa.
"Irudishe kichupani," nikamwambia,
"na zile tisa. Zizoeane."